Maji Machungu ya Baba

Daktari alizungumza na baba kwa heshima kubwa, na nadhani heshima hiyo ndiyo iliyofanya habari ile iingie polepole. Alimwita mwalimu. Alisema ini limeanza kukakamaa. Alisema bia sasa basi, na alipoona baba anataka kuuliza kitu akasema tena: si kupunguza, ni basi.

Baba akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia ratiba ya mitihani, "Na ikitokea nikanywa?"

Daktari aliitazama kalamu yake. "Mwalimu, hapo hatutakuwa tunazungumzia miaka."

Tulirudi Butimba kwa bajaji. Baba alikuwa amefundisha chuo cha ualimu karibu maisha yake yote, na baada ya kustaafu alibaki kwenye nyumba aliyoijenga juu ya mawe, mahali ambapo ukisimama barazani unaona kipande cha ziwa kisichozidi upana wa kanga. Mama alikuwa amefariki. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kuandika riwaya yangu ya pili, au ndivyo nilivyowaambia watu. Ukweli ni kwamba nilikaa mezani kila asubuhi nikiandika sentensi moja na kuifuta, na ugonjwa wa baba ulinipa, Mungu anisamehe, kazi ya kufanya.

Aliacha bia siku ileile. Hakulalamika, hakutetemeka, hakumsema mtu vibaya. Kilichonishinda kutazama kilikuwa saa kumi na moja jioni. Ndiyo saa aliyokuwa akivaa viatu na kwenda kukaa na wenzake, wastaafu watatu, kwenye baa ndogo karibu na barabara. Sasa ilipofika saa hiyo alikaa barazani akiyatazama mawe, na mikono yake ilikuwa haijui pa kukaa. Aliiweka magotini, akaipachika kwapani, akaikunja. Nilimletea soda, akanywa funda moja na kusema ni tamu kama zawadi ya mtoto. Nilimletea juisi ya ukwaju. Nilimletea chai, ikamtoa jasho. Maji alisema hayana la kusema.

"Sitamani kulewa, mama," aliniambia siku moja. Aliniita mama tangu nikiwa mdogo. "Ninachokosa ni ule uchungu. Ukishuka kooni unajua siku imekwisha. Sasa siku haziishi."

Akaanza kunywa kidogo cha kila kitu, na kula kidogo zaidi. Wenzake walimpigia simu, akawaambia anapumzika. Kisha jioni moja nilimwona kutoka dirishani amevaa viatu, amesimama getini, mkono juu ya komeo. Alisimama hivyo muda mrefu. Akarudi, akavua viatu, akaingia ndani. Sikumwambia kwamba nilimwona. Lakini tangu hapo nilijua kwamba kuna siku atalifungua lile geti, na mimi nitakuwa jikoni nakaanga sato.

Nilimwandikia rafiki yangu tuliyesoma naye chuo kikuu, ambaye sasa ni mkunga huko ughaibuni. Nilimwandikia tu ili nilie. Yeye akajibu kwamba huko aliko watu walioacha bia hutengeneza maji ya hopsi. Hopsi ni yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu yake. Bia yenyewe haimo, alisema, ni maji tu yenye uchungu na gesi, na gesi hiyo unaweza kuitengeneza mwenyewe nyumbani. Mwezi uliofuata alimpa pakiti mtu aliyekuwa anakuja Mwanza. Nilipoifungua nilikuta vidonge vidogo vya kijani vilivyokandamizwa. Harufu yake ilikuwa ya nyasi zilizokatwa, na ganda la limao, na kitu kingine nilichokijua tangu utotoni: ilikuwa shati la baba akirudi jioni.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unachemsha maji, unayaacha yapoe kidogo, unatia hopsi na kufunika sufuria kwa nusu saa. Unachuja kwa kitambaa cheupe. Unakamua limao. Yakishapoa kabisa unatia hamira chembe chache, hii hii ya maandazi, na sukari kidogo sana, kijiko kimoja kidogo cha chai kwa kila chupa ya nusu lita. Unajaza chupa za plastiki, unakaza vifuniko, unaziweka stoo gizani. Hamira inakula ile sukari na kupumua, na kwa kuwa pumzi yake haina pa kutokea inajificha ndani ya maji. Nilimuuliza rafiki yangu mara nne kama hakuna kilevi. Alisema kikipatikana ni kidogo kama kile cha ndizi iliyoiva kupita kiasi, ili mradi sukari isizidi.

Kujua kama yameiva, unaminya chupa. Siku ya kwanza inabonyea kama shavu. Siku ya tatu imekuwa ngumu kama tairi la baiskeli lililojazwa upepo sawasawa, na hapo unaiweka kwenye friji ili hamira ilale. Hicho ndicho kipimo pekee nilichokuwa nacho, kidole gumba changu.

Mkupuo wa kwanza ulikuwa mchungu kama muarobaini na niliumwaga. Wa pili niliupeleka barazani saa kumi na moja, kwenye bilauri ndefu iliyopoozwa.

Baba aliitazama kabla ya kuigusa. "Nini hii?"

"Maji."

"Maji yana povu?"

"Yana hopsi. Hayana bia, baba. Onja."

Alionja. Koo lake lilipanda na kushuka. Akabeua na kuweka mkono mdomoni. "Samahani." Akaonja tena. "Nani kakufundisha?"

"Rafiki yangu."

"Mlevi?"

"Mkunga."

Alicheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu hospitali. Alimaliza bilauri, akanirudishia, na mikono yake ikakaa juu ya tumbo, imetulia. Niliingia jikoni nikalia juu ya sinki.

Wiki tatu zilipita hivyo. Nilitengeneza chupa nane kila wiki. Mimi mwenyewe niliacha kuonja, kwa sababu pakiti ilikuwa inapungua na kila funda langu lilikuwa funda lake. Nikaandika kurasa kumi na moja. Niliamini, kwa ujinga wa mtu aliyefanikiwa mara moja, kwamba nimeipata njia.

Kisha akaja shangazi.

Ni dada yake mkubwa baba, anaishi ng'ambo, upande wa Sengerema. Alivuka Busisi kwa gari bila hata kushuka, na jambo la kwanza alilosema baada ya kuitikia shikamoo yangu ni kwamba daraja limewaharibia watu safari, siku hizi unafika kabla hujajiandaa. Alileta kuku wawili, mchele, na kilo tatu za sukari. Kwetu huendi kumwona mgonjwa mkono mtupu, na kitu cha kwanza unachobeba ni sukari.

Aliniona nachemsha hopsi.

"Hiki si chakula cha kuku?"

"Hapana, shangazi. Ni cha baba."

"Mdogo wangu mnamlisha pumba." Alichovya kijiko, akaonja, akaenda kutema kwenye maua. "Wewe mtoto. Mgonjwa anapewa hiki?"

"Ndicho anachokipenda."

"Mtu anayeumwa anapewa kitamu. Ukimpa kichungu, wanaomwona watasema umemchoka."

Nilimweleza. Nilimweleza habari ya hamira, ya kijiko kimoja tu, ya ini. Alisikiliza hadi mwisho huku anachambua mchele, akasema, "Haya." Shangazi yangu akisema haya, mjadala umekwisha, ila hujui umekwisha upande gani. Nilipaswa kukumbuka hilo.

Wiki hiyo chupa zilikataa kuwa ngumu. Siku ya tatu niliminya, zikabonyea. Siku ya nne vilevile. Nilidhani hamira imezeeka, nikaenda sokoni Nyamagana kununua nyingine na kuanza upya. Bado zikabonyea. Nilidhani ni baridi, maana ulikuwa mwezi wa saba na upepo wa ziwa ulikuwa unaingia hadi stoo. Nikaziacha siku tano, kisha saba, kisha nane. Nilipoziweka kwenye friji zilikuwa na gesi hafifu, lakini zilikuwa nayo, nikasema afadhali.

Baba alizipenda. Jioni ya kwanza alimaliza mbili. Alisimulia habari ya mwanachuo aliyejificha ndani ya kabati la maabara asifanye mtihani, akalala humo hadi kesho yake. Alikula ugali wote. Alilala mapema na kukoroma vizuri.

"Haya ya sasa umeyaweza," aliniambia.

Niliiandika sentensi hiyo kwenye daftari langu, na tarehe yake.

Wiki mbili alikunywa maji yale. Mashavu yake yalipata rangi, na mimi nikaiona rangi ile nikaiita afya. Shangazi naye alifurahi, akasema, "Unaona mgonjwa akitunzwa." Nilidhani anajisifu kwa mchuzi wake wa kuku.

Asubuhi moja niliingia stoo kutafuta chujio. Shangazi alikuwa amekaa juu ya gunia la mkaa, chupa zangu zimepangwa mbele yake, moja kaibana katikati ya magoti. Alikuwa anakilegeza kifuniko taratibu, sikio lake karibu na mdomo wa chupa kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto. Ikatoa pumzi ndefu. Akaikaza, akachukua nyingine.

"Shangazi, unafanya nini?"

Hakushtuka. "Nazitoa upepo. Wewe unazikaza mno, zinavimba. Nimekuja siku ile nikazikuta ngumu kama jiwe. Zitapasuka hizi."

"Mbona zinavimba hivyo? Sukari yenyewe ni kijiko kimoja."

"Kijiko chako hakimfikii mtu. Mimi namwongezea." Alionyesha kwa kidevu. Nyuma ya ndoo kulikuwa na kopo la sukari na kijiko cha chakula. "Viwili viwili tu, siku ileile unayofunga. Halafu kila asubuhi nazitoa upepo. Mtama wa mama yetu tulikuwa tunaufanya hivihivi, hukazi mtungi. Ukikaza unakuua."

Shangazi yangu ameokoka. Hajagusa pombe tangu kabla mimi sijazaliwa, na tangu siku ile alipotema kwenye maua hakuonja tena. Alikuwa anatengeneza pombe kwa mikono iliyokumbuka kazi, na kichwani mwake alikuwa anamtilia mdogo wake sukari.

Nilifungua chupa moja nikanywa nikiwa nimesimama. Utamu haukuwepo hata kidogo, hamira ilikuwa imeumaliza wote. Ilikuwa bia. Nyepesi, ina ukungu, si nzuri sana, lakini bia.

Nilimkuta baba barazani na gazeti.

"Baba. Yale maji."

Alikunja gazeti mara mbili, akaliweka pajani.

"Ulijua?"

"Miaka arobaini, mama. Ningekosaje kujua?"

"Tangu lini?"

"Tangu chupa ya kwanza ya mkupuo ule."

"Kwa nini hukusema?"

Alitazama kile kipande chetu cha ziwa. Nilimwona akitafuta namna ya kuniambia bila kuniumiza, kama alivyokuwa akitafuta maneno ya kumwambia mwanachuo kwamba amefeli.

"Nilidhani umenionea huruma," alisema. "Nilidhani umeamua, ukaona aibu kunieleza. Nikasema mtoto amebeba hili kwa ajili yangu, nikimkatalia nitamwaibisha."

Kwa hiyo wiki mbili nzima tulikuwa tumekaa pale barazani, yeye akiilinda siri yangu ambayo sikuwa nayo, mimi nikihesabu bilauri zake kama ushindi. Nilitaka kumkasirikia mtu. Shangazi alikuwa jikoni ananyonyoa kuku. Baba alikuwa amekaa mbele yangu na uso wa mtu aliyenitendea wema.

Nilizimwaga chupa zote nyuma ya nyumba. Shangazi alikuja akasimama pembeni, mikono ina manyoya, nikalazimika kumweleza kwa nini. Povu lilikimbia juu ya jiwe na kukauka palepale kwenye jua.

"Nimemfanya nini mdogo wangu?"

"Hujamfanya kitu, shangazi."

Sikuwa na njia yoyote ya kulijua hilo. Nililisema kwa sababu alikuwa ameanza kuketi chini taratibu, akishika ukuta. Tangu siku hiyo ameacha kutia sukari hata kwenye chai yake, na nikimwambia atie ananiambia haitaki tu, imemkinai.

Zilikuwa zimebaki hopsi za mkupuo mmoja. Nilizitengeneza kama mwanzo, kijiko kimoja kidogo, siku tatu, na stoo nikaifunga kwa kufuli, na shangazi akaniona nikiifunga. Chupa zikawa ngumu kama zinavyotakiwa. Saa kumi na moja nilimpelekea baba bilauri. Alikunywa nusu kwa adabu, kisha akaiweka sakafuni kando ya kiti, na povu likafa taratibu tukilitazama.

"Si mabaya," alisema.

"Lakini?"

"Ni maji, mama."

Yalikuwa maji yaleyale yaliyomchekesha wiki chache kabla. Sikuwa nimekosea chochote. Ila sasa ulimi wake ulikuwa umeshakumbushwa, na hakuna kipimo cha limao kinachousahaulisha ulimi.

Kesho yake alivaa viatu.

Nilikuwa jikoni kweli. Nilisikia komeo, nikatoka na mwiko mkononi.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Kutembea."

"Twende wote."

Alinitazama, akatazama mwiko. "Hicho kiache."

Nilimfuata hatua mbili nyuma. Ningeweza kumshika mkono. Ningeweza kukaa katikati ya njia. Mtu mwenye umri wake, aliyefundisha walimu wa nusu ya mkoa, utamkamata vipi mbele za watu? Tulishuka kwenye mawe, tukavuka barabara, na wale wastaafu watatu walimwona kabla hajafika.

"Marehemu huyo," alisema mmoja, aliyekuwa nahodha wa meli. "Sisi tulishagawana kiti chako."

"Tena mimi ndiye mrithi," alisema mwingine, akahamia pembeni.

"Shikamooni," nilisema.

"Marahaba, mama. Umekuja kumlinda? Umechelewa, huyu ameharibika zamani."

Walicheka wote, baba pia. Dada anayehudumia hakuuliza. Alileta bia ileile aliyomletea miaka yote, akaifungua mbele yake, akamimina, akaondoka. Povu lilipanda hadi ukingoni na kusimama. Baba aliweka vidole kwenye bilauri.

"Baba," nilisema.

Mimi naishi kwa maneno, na hilo ndilo pekee lililotoka. Wenzake waliacha kucheka. Nadhani walielewa wakati huo kwamba hakuwa anapumzika.

Alikaa hivyo, vidole kwenye baridi ya kioo. Kisha akaisukuma bilauri mbele yangu.

"Kunywa wewe. Unieleze ikoje."

Kwetu mtoto hanywi pombe mbele ya baba yake. Nimekunywa na waandishi wenzangu, nimekunywa peke yangu, lakini mbele yake sijawahi hata kukiri kwamba naijua ladha yake. Na mtoto wa kike, mbele ya wazee wanne, jua bado linawaka. Nahodha aliangalia pembeni. Nilikunywa.

"Eleza," alisema baba. Alikuwa amefumba macho.

Nilieleza. Nilisema inaanza na baridi kabla ya ladha. Nilisema uchungu hauji mbele, unakaa nyuma ya ulimi ukisubiri umeze, halafu unainuka. Nilisema kuna kitu cha mkate uliochomwa. Nilisema gesi inauma puani kidogo. Koo lake lilipanda na kushuka.

"Endelea," alisema, na mzee mmoja akarudia kwa sauti ndogo, "Endelea, mama."

Nilimaliza chupa nzima hivyo, tukarudi nyumbani tukipanda mawe, mimi ndiye niliyekuwa nayumba na yeye akanishika mkono. Shangazi alinusa pumzi yangu mlangoni, akanusa ya baba, akaenda chumbani kwake akasali.

Tukaenda siku ya pili. Nilisema inafanana na harufu ya vumbi mvua ikigusa. Tukaenda siku ya tatu, nikaeleza rangi yake jua likiipitia, na povu linavyobaki kwenye kioo kama mistari ya maji kwenye mawe ya ufukweni. Asubuhi siandiki tena riwaya. Nakaa mezani nakusanya maneno ya saa kumi na moja.

Jana ilikuwa siku ya nne. Nilikunywa, nikasema uchungu unakaa nyuma ya ulimi ukisubiri.

Baba akafumbua macho. "Hapo unarudia ya siku ya kwanza."

Nilitafuta jingine. Wazee walisubiri. Nilikunywa tena, nikaisikia bia tu, na hakuna kilichokuja. Baba aliniacha nitafute, hakuniharakisha. Kisha aliinua chupa kwa shingo, akachukua bilauri tupu ya jirani yake, akamimina kiasi cha vidole viwili. Alifanya hivyo bila kunificha na bila kunitazama. Akanywa.

"Pole, mama," alisema. "Umejitahidi."

Kliniki ya baba ni Jumatatu.